Kukubaliana Istilahi katika Programu Huria: Funzo la Kihistoria kutoka Jambo OpenOffice

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna istilahi za Kiswahili zilivyotafutiwa makubaliano katika ujanibishaji wa programu huria, hasa mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Yanadai kwamba uchache wa maneno haukuwa tatizo kuu. Orodha ya istilahi ilihitaji mtunzaji wa kudumu na utaratibu wa kuirekebisha. Mapendekezo yanatolewa kwa nchi ambazo Kiswahili kinapanuliwa matumizi rasmi.

1.0 Utangulizi

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake humruhusu yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Sifa hiyo iliwafungulia Waswahili mlango: hawakulazimika kusubiri kampuni iamue kama lugha yao ina soko. Hata hivyo, mlango uliokuwa wazi kwa mtafsiri mmoja ulikuwa wazi pia kwa wa pili na wa tatu, kila mmoja na neno lake. Swali la nani aamue likawa zito kuliko swali la neno lipi ni zuri.

2.0 Urithi wa kamati

Swali hilo lilikuwa limejibiwa mara moja katika eneo letu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyojumuisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Makao ya Kamati hiyo yalihamahama, na katika miaka ya 1950 yalikuwa Makerere. Ilikuwa kamati ya kikoloni, na sauti ya wazungumzaji wenyewe ndani yake ilikuwa ndogo. Pamoja na kasoro hiyo, ilikuwa na mambo mawili ambayo miradi ya baadaye iliyakosa: mamlaka yanayovuka mipaka na jarida ambamo maneno yalijadiliwa mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1964 shughuli za Kamati ziliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na taasisi iliyotokana nayo ikaja kujulikana kama TUKI. BAKITA iliundwa mwaka 1967. Kazi ya istilahi iliendelea kwa bidii, na mwongozo wa Tumbo-Masabo na Mwansoko wa 1992 uliweka kanuni zake wazi. Lakini mamlaka sasa yalikuwa ya kitaifa. Kompyuta ilipoenea, neno tarakilishi lilishika mizizi zaidi Kenya, Tanzania ikabaki na kompyuta, huku baadhi ya waandishi wakitumia ngamizi. Kwa mwandishi wa kitabu, hitilafu hiyo ilivumilika. Kwa programu moja inayofunguliwa Arusha na Eldoret siku hiyohiyo, haikuvumilika.

3.0 Jambo OpenOffice

Sun Microsystems ilifungua msimbo wa OpenOffice mwaka 2000. Mradi wa Kilinux ulitumia nafasi hiyo. Ulikuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ulishirikiana na wataalamu kutoka Sweden. Ndani yake wanaisimu wa TUKI na wataalamu wa kompyuta walikaa meza moja, na mwishoni mwa 2004 Jambo OpenOffice ikatolewa. Katika kipindi hichohicho Microsoft nayo ilikuwa ikiandaa istilahi za kiolesura cha Windows kwa Kiswahili. Kazi mbili za aina moja zilifanyika sambamba, kila moja na orodha yake.

Baadhi ya maneno hayakuhitaji mjadala mrefu. Pakua na pakia yalikwishaishi bandarini na jikoni, na maana mpya ilikaa juu ya ile ya zamani bila kuisumbua. Kivinjari kilitokana na kitenzi vinjari, nacho kikakubalika. Mengine yalizua ushindani unaoendelea hadi leo: nywila na nenosiri, tovuti na wavuti, kipanya na puku.

4.0 Istilahi ndani ya sentensi

Vigezo vya kupima istilahi, vikiwemo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi wa Uganda, huuliza kama neno ni angavu, fupi, lenye mfumo na linalokubalika. Programu iliongeza masharti ambayo orodha za vitabuni hazikuyaona.

Sharti la kwanza ni muktadha. Mtafsiri wa programu hupewa vipande vya matini vilivyotengwa. Neno moja la Kiingereza katika kipande hicho laweza kuwa amri, fungua, au sifa, wazi. Sharti la pili ni kutogongana. Chapisha lilitumika kwa kutoa nakala kwenye karatasi na pia kwa kutoa kazi hadharani. Maana hizo mbili zikikutana katika programu moja, mtumiaji aliyetaka karatasi hujikuta ameitangaza rasimu yake. Ndiyo sababu kutenga chapa na chapisha ni uamuzi wenye athari kwa mtu halisi.

Sharti la tatu, na gumu zaidi, ni ngeli. Programu hutumia sentensi yenye nafasi tupu ambayo kompyuta huijaza. Kiingereza hakijali kinachojazwa. Katika Kiswahili faili limefutwa, kiungo kimefutwa, ujumbe umefutwa, picha imefutwa. Kitenzi kimoja hakiwezi kuhudumia zote. Zaidi ya hayo, faili lenyewe lina mgogoro: wapo wasemao mafaili matano yamefutwa, na wapo wasemao faili tano zimefutwa. Kwa hiyo kukubaliana juu ya neno bila kukubaliana juu ya ngeli yake ni nusu ya makubaliano. Suluhisho mojawapo ni kuiunda sentensi upya, mathalani "Ufutaji umekamilika", ili upatanisho usitegemee nomino iliyojazwa. Maarifa ya aina hiyo hupatikana kwa kazi, na hupotea yasipoandikwa.

5.0 Suala la mtunzaji

Mradi wa ufadhili una tarehe ya mwisho, ilhali programu hutoa matoleo mapya kila mwaka, kila moja na matini ambayo orodha ya awali haikuyatarajia. Mwaka 2010 jumuiya ya LibreOffice ilijitenga na OpenOffice. Orodha iliyofungamana na toleo moja huzeeka pamoja nalo. Mtafsiri mpya hukuta neno nywila, au nenosiri, bila kujua kwa nini lilichaguliwa, hivyo hulibadilisha kwa nia njema na kufufua mjadala uliokwisha.

Gharama ya hali hiyo huwaangukia zaidi majirani. Uganda ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kongo na Burundi, maneno mengi ya teknolojia huingia kupitia Kifaransa. Mwanafunzi wa Kigali au Bujumbura anayekutana na majina matatu ya kitu kimoja huenda asiwe na mazoea ya nyumbani ya kumsaidia kuchagua. Kwake, hitilafu ya istilahi ni kikwazo cha kujifunza.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Zanzibar mwaka 2015, ina mamlaka ya kikanda ambayo miradi ya kujitolea haina. Inapendekezwa kwamba, kwa kushirikiana na mabaraza ya kitaifa, itunze orodha moja ya istilahi za kompyuta chini ya leseni huria. Kila kidahizo kioneshe ngeli, wingi, visawe vinavyotumika kila nchi, mfano wa sentensi, na sababu ya uteuzi. Pawe na muda maalumu wa kupokea pingamizi, na majina ya nchi jirani yawemo mezani kabla ya uamuzi kutolewa. Visawe vya kienyeji havihitaji kufutwa. Vinahitaji kuunganishwa na kidahizo kimoja, ili programu zichague bila kubahatisha.