Miaka Minne ya Kujifunza Amri: Urithi wa Ukatekumeni Kahama

Jimbo Katoliki la Kahama, lenye parokia kongwe ya Ushirombo ndani ya mipaka yake, lilitimiza miaka 40 mwaka 2023. Katika kumbukumbu za namna hiyo husifiwa zaidi maaskofu na majengo, ilhali mafundisho ya sheria ya Mungu, yaliyowalea waamini wa kwanza, hayapewi heshima yanayostahili.

Mafundisho hayo yalipata umbo lake katika mvutano. Tarehe 27 Machi 1880 Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadre Weupe, waliwabatiza wanafunzi wao wa kwanza nchini Buganda, baada ya kukaa huko mwaka mmoja tu. Mwanzilishi wao, Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, hakuridhika, akaagiza kwamba asiye katika hatari ya kufa asibatizwe kabla ya miaka minne: miwili ya maandalizi na miwili ya ukatekumeni, yaani mafunzo ya kuupokea Ukristo. Kwanza mtu alifundishwa kwamba Mungu ni mmoja, muumba na hakimu, pamoja na sheria ya maumbile, ile ambayo Mtume Paulo anawaeleza Warumi kuwa imeandikwa hata mioyoni mwa wasio na Torati; sakramenti zilisubiri. Agizo lilikuwa zito, lakini lilikuwa na msingi, kwa kuwa haki mbele ya Mungu ni zawadi ya neema wala si ujira wa kushika amri, ila anayeipokea hana budi kuishi kwayo.

Mapadre walihama Buganda mwaka 1882, wakafungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, na wenzao wakafika Ushirombo mwaka 1891. Huko mwenye wake wengi alitakiwa kubaki na mmoja, na hati ya Papa Pius wa Tano ya mwaka 1571 ilimruhusu kumchagua aliyekubali kubatizwa naye. Haki ya mke aliyeachwa, ambaye mahari yake ilikwisha kupokelewa na watoto wake wamo nyumbani, haikupata jibu la kutosha, na jambo hilo lastahili kusemwa waziwazi.

Africa Inland Mission, misheni ya Kiprotestanti iliyoingia Usukumani mwaka 1909, ilifundisha amri zilezile kwa hesabu tofauti: "Usiue" ni ya tano kwa Wakatoliki, ya sita kwa Waprotestanti wengi. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wa hatua kwa hatua urejeshwe, utaratibu ambao Ushirombo iliujua tangu karne ya 19. Na mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi na ya watu wenye ualbino yalipoitikisa Shinyanga na Geita, makatekista wa vijijini ndio waliobaki na kazi ya kuifundisha amri ya "Usiue" upya, kwa posho ndogo au bila posho.