Kasha lenye kufuli

Tarehe 1 Aprili, yaani Siku ya Wajinga, watu wazima huruhusiwa kudanganyana mchana kweupe. Hata magazeti yenye heshima zake huchapa uongo ukurasa wa mbele, kisha kesho yake yakaomba radhi huku yakicheka. Kwa kawaida mzaha wa siku hiyo hufa na siku yake. Leo nataka tuzungumzie mzaha mmoja uliofutwa kama ilivyo ada, lakini kile ulichokicheka kikabaki na kunenepa.

Mzaha huo ulitoka Stockholm, Uswidi, mwaka 2011, ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Wenye watoto nyumbani hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba ni dunia ya matofali ya mraba ambamo mchezaji hapewi amri wala safari ya kufuata. Anakata miti, anachimba mawe, anajenga kibanda au ikulu, apendavyo mwenyewe. Aliyeuanzisha ni mtengeneza programu Markus Persson, mwaka 2009, na baadaye yeye na wenzake wakawa na kampuni yao, Mojang.

Wakati ule ukishaununua mchezo umemaliza. Yaliyomo ndani huyapati kwa pesa bali kwa jasho. Ukitaka sanduku la kuwekea mali yako, unaangusha mti, unapasua mbao, na mbao 8 zinakupa sanduku. Halina kufuli wala ufunguo.

Basi tarehe 31 Machi 2011 likatoka toleo jipya la majaribio, ambalo wengi walilipokea kwa furaha kwa sababu lilileta mbwa mwitu wa kufugwa. Kulipokucha tarehe mosi, wachezaji wakakuta masanduku ambayo hawakuyatengeneza wao, yametapakaa porini na yanang'aa hata gizani. Ukiligusa moja, halifunguki. Unaambiwa limefungwa, unahitaji ufunguo, na dukani unaweza kuupata. Ukikubali, unapelekwa kwenye duka la intaneti lenye bidhaa za ajabu na bei za kuchekesha. Hakuna aliyetozwa hata senti moja. Duka lote lilikuwa la uongo.

Lakini mzaha hauchekeshi mpaka ujue unamlenga nani. Masanduku yale yalipewa jina la Steve Co., na Steve ndiye yule bwana wa shati la buluu ambaye mchezaji wa Minecraft humwongoza. Jina hilo liliigiza Mann Co., duka lililofunguliwa Septemba 2010 ndani ya mchezo mwingine, Team Fortress 2, wa kampuni ya Valve ya Marekani. Huko haikuwa utani. Mchezaji aliangushiwa sanduku bure wakati akicheza, tena bila kuomba. Kulifungua ndiko kulikohitaji ufunguo, na ufunguo uliuzwa dola 2.49. Ndani huenda ukakuta kofia adimu ambayo wenzako wataitamani, na mara nyingi zaidi hukuti hivyo.

Sisi tuna majina ya biashara za namna hii. Moja ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Jingine ni pata potea, ule mchezo wa karata tatu pale stendi ya mabasi, ambao kila mtu mzima anajua usicheze na kila siku kuna anayecheza. Tofauti ni kwamba mwenye pata potea hana uwezo wa kukutilia karata mfukoni bila wewe kujua, halafu akakuuzia ruhusa ya kuzitazama. Hapo, kwa kweli, wenzetu wa kompyuta wamemzidi akili.

Aprili mosi ikapita. Masanduku mapya yakaacha kuchipuka, na yale yaliyokwisha kuota katika dunia za watu yakawekewa utaratibu wa kutoweka yenyewe, kidogo kidogo, kama majani yanavyopukutika mti ukikatwa. Kikabaki kiporo. Katika mchezo ule kila aina ya tofali ilikuwa na namba yake, na namba ya kasha lile ilikuwa 95. Kwa miaka zaidi ya miwili namba hiyo ilikaa ndani ya programu bila kazi, hadi Oktoba 2013 ilipotoka 1.7.2, na 95 wakapewa vioo vya rangi. Mzaha ukawa umefutwa kabisa.

Biashara iliyochekwa haikufutwa. Juni 2014 Mojang yenyewe ilisimama kidete kuwakataza watu wenye seva za Minecraft wasiuze vitu vya kumpa mchezaji mmoja nguvu kuliko mwenzake. Wenye seva walilalamika sana, lakini nadhani kampuni ilikuwa na haki, maana anayedaiwa pesa ya upanga ni mtoto, na mwenye pesa ni mzazi ambaye hajui kinachoendelea. Septemba mwaka huohuo Microsoft ikatangaza kuinunua Mojang kwa dola bilioni 2.5. Mwaka 2017 Minecraft ikafunguliwa duka ndani yake, safari hii la kweli, lenye sarafu zake ambazo hununuliwa kwa pesa halisi.

Nisiwaonee. Duka hilo huuza sura za kuvaa na dunia zilizokwisha kujengwa na mafundi, nao mafundi hupata fungu lao. Mnunuzi anaona anachonunua. Si kasha lenye kufuli. Lakini ni duka, mahali ambapo mwaka 2011 wazo la duka lilitosha kuwavunja watu mbavu.

Kasha lenyewe lilikwenda kuishi kwingine. Mwaka 2017 wachezaji walichachamaa juu ya masanduku ya namna hiyo katika Star Wars Battlefront II, na Aprili 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ikatamka kwamba baadhi ya masanduku ya kulipia katika michezo ya kompyuta ni kamari, na kuyauza bila leseni ni kosa la jinai. Kati ya mambo yaliyoisumbua tume hiyo ni hatari kwa watoto.