Posho ya Watoto kati ya Baba na Mama: Historia Fupi ya Sheria ya Uingereza

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kanuni iliyotungwa ili kumtetea mama ilivyokuja, baada ya miaka sitini hivi, kumwelemea baba aliyetengana na mkewe lakini akaendelea kulea.

Mwaka 1924 Eleanor Rathbone, aliyekuja kuwa mbunge mwaka 1929, alichapisha kitabu The Disinherited Family, akitetea malipo ya serikali kwa ajili ya watoto. Mswada wa posho za familia ulipofikishwa bungeni mwaka 1945, ulimtaja baba kuwa mwenye haki ya kulipwa. Rathbone aliupinga vikali, na Bunge likaamua posho iwe ya mama: shilingi 5 kwa juma kwa kila mtoto, isipokuwa wa kwanza. Sheria ya mwaka 1975 ilimwingiza mtoto wa kwanza pia.

Hata hivyo, posho ya mtoto mmoja haikugawanyika. Wazazi waliotengana walipolea kwa zamu, ilimwendea mmoja wao tu, na mara nyingi huyo alikuwa mama. Tena, misaada mingine ilifungamanishwa nayo: baba asiye na kazi aliyeikosa, alikosa pia nyongeza ya mtoto katika malipo ya wasio na kazi.

Hapa ndipo penye fundo. Maneno ya kanuni hayakubagua jinsia, bali matokeo yake yaliwaangukia zaidi wanaume. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kumnyima baba nyongeza hiyo kulikuwa ubaguzi uliokatazwa na agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1978. Lakini mwaka 2012, katika shauri la baba aliyelea siku 3 kwa juma, lililohusu msaada mwingine, Mahakama ya Juu ilifuata njia nyingine. Hukumu ya jaji Brenda Hale ilikubali kwamba kanuni huwaumiza zaidi akina baba, ila ikaiona halali, kwa kuwa serikali ilikuwa na sababu ya kuelekeza msaada wa mtoto kwenye nyumba moja.

Kwa maoni yetu, ushindi wa mwaka 1945 ulikuwa wa haki, kwani fedha zilimfikia aliyelea. Walezi wanapokuwa wawili, kushika neno la ushindi huo ni kuisahau maana yake. Njaa ya mtoto nyumbani kwa baba ni njaa ileile.