Baiskeli ya magurudumu matatu ya mpakani (Busia na Malaba)

Baiskeli ya magurudumu matatu ya mpakani ni chombo cha usafiri na uchukuzi kiendeshwacho kwa mikono, ambacho watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao walionusurika na maradhi ya polio utotoni, wamekitumia kwa miongo mingi kuvusha bidhaa baina ya Kenya na Uganda katika miji ya Busia na Malaba. Katika tarehe ya vyombo vya kuwasaidia walemavu Afrika ya Mashariki kinastahiki kuelezwa peke yake, kwa kuwa umbo lake la leo halikutoka kwa tabibu wala kwa mhandisi, bali limetokana na mashauri ya miaka mingi baina ya mwenye kukikalia na fundi wa chuma wa kando ya barabara.

Gurudumu moja liko mbele na mawili nyuma. Mpandaji huketi kati, na mbele ya kifua chake husimama mhimili wenye vishikio viwili vizungushwavyo kwa mikono mfano wa pedeli, na kutoka hapo mnyororo hushuka hadi kwenye gurudumu la mbele, ambalo ndilo livutalo na ndilo ligeuzalo njia. Vipuri vyake takriban vyote ni vya baiskeli ya kawaida, na jambo hili si dogo, kwani Busia ndipo inaposemekana biashara ya bodaboda ilipoanza, katika miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizokuwa zikiwapeleka abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili. Na mji wa namna hiyo haukosi mtu wa kukaza spoku au kuunga fremu iliyokatika, ilhali kiti cha hospitali kilichotoka ng'ambo, kikivunjika gurudumu dogo la mbele, aghalabu huishia kuegeshwa nyuma ya nyumba.

Ama baiskeli yenyewe ya asili ilikusudiwa kumchukua mtu, na mtu wa Busia alitaka kuchukua shehena. Kwa hiyo mabomba ya fremu yakaongezwa unene, jukwaa la mizigo likarefushwa, na kiti kikakaa juu ya bidhaa au mbele yake, kadiri mwenyewe alivyoona inamfaa mgongo wake na mikono yake. Kila badiliko lilikuwa na gharama yake. Uzito wa mzigo huangukia magurudumu ya nyuma, na gurudumu la mbele, ambalo ndilo lenye kuvuta, huwa jepesi na kuteleza penye mwinuko, hata mwenye mikono imara kama ya mvuvi akajikuta anazungusha bure. Hapo ndipo alipoingia msukumaji, kijana wa kukisukuma chombo kwa nyuma. Mhandisi mgeni angalimwona kijana huyu kuwa ni dalili ya kasoro katika chombo. Wenyeji wamemhesabu kuwa ni sehemu ya chombo, anayelipwa ujira kutokana na faida ya mzigo, na kwa hesabu hiyo mtu aliyezoea kutazamwa kama mwombaji akawa ni tajiri mwenye kuajiri. Nionavyo mimi, hakuna kipengele cha ufundi kilichobadili hadhi ya mlemavu mpakani kuliko hiki ambacho hakikuchorwa katika karatasi yoyote.

Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda, katika makala yao iliyochapishwa mwaka 2007, waliandika juu ya wafanyabiashara hawa wa Busia. Haifai kuificha sehemu ya habari hiyo ambayo si ya ufundi: maofisa wa forodha, kwa huruma au kwa mazoea, aghalabu hawakuwapekua watu hawa wala kuwatoza kama walivyowatoza wengine, na wachuuzi wenye miguu mizima walipendelea kuwakabidhi mizigo yao. Thamani ya baiskeli ilikuwa, kwa kiasi fulani, ni thamani ya msamaha huo. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2005, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, faida ya kupita bila kupekuliwa ilianza kupungua. Na mwaka 2020 mpaka ulifungiwa wapita njia kwa sababu ya maradhi ya korona, ilhali malori yaliruhusiwa. Huruma ni msingi dhaifu wa biashara, na chombo kilichojengwa juu yake hakina budi kutafutiwa kazi nyingine.

Mahali pengine vyombo vya walemavu vilianza kwa mlango mwingine, wa vyama, vyuo na wahandisi. Chama cha walemavu wa viungo cha Kenya, APDK, kiliasisiwa mwaka 1958, na karakana zake za Bombolulu, Mombasa, mwaka 1969; chuo cha TATCOT kilichoko Moshi kimewafunza mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Kutoka Marekani alitokea Ralf Hotchkiss, mhandisi aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, ambaye maisha yake yote ameshikilia kwamba mtengenezaji bora wa kiti ni yule atakayekikalia. Gurudumu pana la mpira la mbele, lisilozama katika mchanga, ambalo viti vya shirika lake Whirlwind vimelitumia, lilitoka Zimbabwe na kuchukua jina la nchi hiyo. Amos Winter wa chuo cha MIT alifika Tanzania mwaka 2005 kuchunguza hali ya viti vya magurudumu, kisha akabuni kiti kiendeshwacho kwa nyenzo mbili: mwenye kukikalia akizishika juu hupata nguvu ya kupanda, akizishika chini hupata mwendo. Kilipojaribiwa Afrika ya Mashariki mwaka 2009, watumiaji walikisifu njiani na kukilaumu nyumbani, kwa kuwa kilikuwa kizito mno na kipana mno, na lawama hizo ndizo zilizokipunguza uzito na upana.

Lawama hiyo ingalieleweka mara moja Angurai. Kata za Angurai, kaskazini ya Malaba katika Teso Kaskazini, ni nchi ya njia za murramu na vichochoro vya mashambani, na baiskeli ya magurudumu matatu ifaayo juu ya lami ya sokoni hufika hapo ikiwa na urefu usiogeuka uani na upana usiopita mlangoni. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akiheshimiwa barabarani akiwa mwenye shehena hushuka mlangoni pake na kuendelea kwa mikono na magoti, jikoni na msalani. Wafanyabiashara wa mpakani hawakulitatua jambo hili, kwa sababu soko halikuwalipa kulitatua, na wafadhili nao hugawa kiti kimoja kwa kila mtu wakidhani haja moja hutoshelezwa na chombo kimoja.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vya ulemavu wake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha usaidizi, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Serikali ya kaunti, au chama chochote kitakachotaka kuitimiza haki hiyo Teso na Busia, kisianze kwa kuagiza shehena ya viti kutoka ng'ambo. Kianze kwa kuwaita madereva wa baiskeli za mpakani, wasukumaji wao na mafundi wao, kiwaketishe pamoja na wakazi wa Angurai wasiotoka majumbani mwao, na kwa kila siku ya mashauri kiwalipe ujira ule ule ambao kingemlipa mhandisi.