Kabla hujakata springi, pita kwanza Manda

Jamani, leo naomba niweke siasa pembeni. Nataka niongelee springi za gari. Najua kuna mtu ataguna, "sasa mwandishi wa habari na springi wapi na wapi?" Tulia kwanza, utaona kwamba springi nazo zina historia, na kwamba mimi historia hiyo nimeijua kwa gharama.

Mwaka 2019 nilikuwa na Toyota Corolla 110 niliyoinunua kwa mkono wa tatu. Mshahara wa ripota mnaujua, sina haja ya kuutaja hapa. Lakini ujana nao una mambo yake. Kila nikipita Kinondoni jioni naona vijana na Altezza zao zimelala chini hadi tairi inakaribia kugusa mabawa, roho inaniuma. Seti ya springi fupi za dukani ilikuwa inazidi uwezo wangu mara kadhaa. Fundi mmoja akaniambia, "Braza, unajisumbua bure. Lete elfu arobaini, natoa springi, napiga grinda mzunguko mmoja na nusu kila moja, jioni unaondoka umelala." Na kweli, jioni niliondoka nimelala.

Miezi miwili baadaye simu ikaja kutoka Manda. Bibi anaumwa, anatakiwa kufikishwa hospitali Njombe. Wajukuu tuko wengi lakini mwenye gari alikuwa mmoja.

Kwa wasiopafahamu, Manda iko wilaya ya Ludewa, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, pale mto Ruhuhu unapomwaga maji yake. Wajerumani walipaita Wiedhafen. Ukitoka Dar unashika barabara kuu ya Zambia hadi Makambako, unakata kushoto kwenda Njombe, ukifika Itoni unaiacha lami ya Songea na kuelekea Ludewa. Njombe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya meta 500. Yaani njia yote hiyo ni kushuka, kona juu ya kona, na wakati ule kipande cha kutoka Ludewa kwenda ziwani kilikuwa cha vumbi na mawe.

Kwenda nilifika, nikiwa peke yangu na nikitembea kama kinyonga. Kurudi ndiyo ikawa kazi. Bibi alipoliona gari alicheka pamoja na maumivu yake. "Mume wangu," akasema, "mbona gari lako linatambaa kama nyoka?" Tukampakia, shangazi akakaa naye nyuma, mjomba akakaa mbele. Watu watatu wameongezeka kwenye springi zilizokatwa! Hatujamaliza hata saa moja, tairi moja ikaning'inia kwenye korongo, springi ikachomoka mahali pake, gari likakaa chini na sampu ikapiga jiwe. Oili yote ikabaki barabarani.

Tulikaa pale zaidi ya saa nne. Bibi aliokolewa na dereva wa Fuso aliyekuwa amebeba mahindi. Alimpakia mbele pamoja na shangazi, akakataa hata hela yangu. Kisha akaliangalia gari langu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dogo, hili gari lilikuja hivi au kuna mtu alikudanganya?"

Swali hilo ndilo lililonituma kusoma, na niliyoyasoma ndiyo haya.

Springi za majani, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, zilitumika kwenye magari ya farasi kabla injini haijawazwa. Mwaka 1804 fundi wa London aitwaye Obadiah Elliott alipewa hataza ya mtindo wake wa kuziweka. Baadaye sana, mhandisi Mmarekani Earle MacPherson akabuni namna ya kuunganisha springi ya koili na shokapu kuwa kitu kimoja kilichosimama wima, na Ford ya Uingereza ikauweka mtindo huo kwenye Consul na Zephyr mwaka 1950. Fungua boneti ya Corolla yangu, utaukuta huo huo.

Sasa kushusha gari kulianza wapi? Kati ya chimbuko zake, moja ni la watu wa hali ya chini kama mimi. Katika miaka ya 1940 vijana wenye asili ya Mexico kule Los Angeles walikuwa wananunua magari yaliyotumika, wanajaza mifuko ya mchanga kwenye buti ili nyuma ilale, wengine wanakata koili. Serikali ya California haikupendezwa. Sheria ya mwaka 1958 ikakataza gari kuwa na sehemu iliyo chini kuliko ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata kijana Ron Aguirre akafunga pampu za haidroliki za ndege kwenye Corvette yake, akawa anainua na kushusha kwa kubonyeza. Akiwa na askari gari liko juu, askari akiondoka linalala! California yenyewe ilikuja kuliondoa katazo hilo kuanzia Januari 1, 2024. Japani nao wana mtindo wao uitwao shakotan. Ndiyo maana baadhi ya magari yanashuka bandarini kwetu tayari yamelala.

Lakini ndugu zangu, historia yetu sisi imekwenda upande wa pili kabisa. Sisi tuliinua na kuimarisha. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, gari lililoshinda ni lile lililovumilia. Mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yalimaliza, na mara zote mbili mshindi alikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 Peugeot 404 ilishinda ikiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Na Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Yaani mtumba ulishinda! Haukushinda kwa urembo, ulishinda kwa sababu ulikuwa umefungwa vizuri.

Au chukua Makambako yenyewe. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilibidi ipitishe mafuta na shaba kwetu. Malori yalipita kwenye barabara ya udongo iliyopewa jina la njia ya jehanamu, hadi lami ikaja, bomba la mafuta likakamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Nchi nzima iliyokuwa nyuma ya milima ilining'inia kwenye springi za malori yale.

Na kuna jambo moja lililonigusa zaidi. Milima ile ile ya Ludewa niliyokwama ndiyo yenye chuma cha Liganga, na Wapangwa walikuwa wanayeyusha chuma kwa tanuri za udongo kabla ya wakoloni. Leo mhunzi wa kijijini akitaka chuma kizuri cha panga au kisu anatafuta springi kuukuu ya lori. Anajua chuma hicho kina siri, ugumu wake umetokana na moto uliopimwa. Fundi anayeishusha springi kwa kuichoma na gesi anaiharibu siri hiyo.

Basi kama mfuko wako ni kama wangu, sikiliza nilichojifunza. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi na nafasi ya kucheza inapungua, shokapu inafanya kazi isiyoitengenezewa, tairi linalika upande wa ndani. Hela yako ndogo ianzie kwenye bushi na bolijointi zilizochoka, kisha shokapu mbili mbili kwa ekseli moja, kisha upime mkao wa magurudumu na upepo wa tairi. Gari litashika barabara kuliko lile lililokatwa. Ukitaka lishuke kidogo, tafuta springi fupi za kiwandani zinazolingana na gari lako, hata kama ni za mtumba. Na ujue linakwenda wapi.

Bibi alipona, namshukuru Mungu na yule dereva wa Fuso ambaye hata jina sikumuuliza. Siku hizi kipande cha kilometa 50 kati ya Lusitu na Mawengi ni zege safi, unateleza tu. Corolla bado ninayo, nimeirudishia springi za urefu wake. Nilipokwenda tena Manda, bibi aliizunguka mara mbili akiiangalia, akasema, "Sasa limesimama kama mwanaume."

Kinondoni bado napita jioni, na bado naziangalia zile Altezza. Nasema uongo? Zinapendeza. Ila zile hazina bibi Manda.