Mbuzi wa Malta

Katika Bahari ya Mediterania, kusini ya Italia, kuna kisiwa kidogo chenye mawe mengi kiitwacho Malta. Katika karne ya 19 kisiwa hiki kilitawaliwa na Waingereza, nao waliweka hapo askari na manowari zao. Wakati wa amani, adui aliyewaangusha askari hao hakuwa na bunduki. Alikuwa ni homa. Homa hiyo ilimshika mtu, ikamwacha, kisha ikamrudia, kwa majuma na hata miezi. Usiku jasho lilimtoka, viungo vilimwuma, na nguvu zikamwishia. Wengi hawakufa, walakini walilala hospitali siku nyingi. Watu waliiita Homa ya Malta, na wengi walidhani kwamba chanzo chake ni hewa mbaya na uchafu wa mitaro.

Mwaka 1884 aliwasili kisiwani daktari wa jeshi, David Bruce, pamoja na mkewe Mary, aliyemsaidia katika kazi ya hadubini. Mwaka 1887 Bruce alitangaza kwamba amevikuta katika bandama za askari waliokufa vijidudu vidogo mno, vya jamii ya bakteria. Hivyo adui akajulikana sura yake, lakini njia yake haikujulikana. Vijidudu hivi vilikaa wapi kabla ya kuingia mwilini mwa mtu? Swali hilo lilingoja jibu kwa miaka 18.

Jibu lilitoka kwa mwenyeji wa kisiwa. Mwaka 1904 tume ya wataalamu iliundwa, Bruce akiwa mkuu wake, na miongoni mwao alikuwamo daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit. Mwaka 1905 Zammit aliwapima mbuzi. Siku zile mchungaji wa Malta alipita mitaani na kundi lake, akasimama mlangoni pa mteja na kumkamulia maziwa mbele ya macho yake. Mteja aliridhika, maana aliona mwenyewe kwamba maziwa hayakutiwa maji. Nao mbuzi walionekana wazima kabisa. Hata hivyo damu ya karibu nusu ya mbuzi waliopimwa ilikuwa na alama za maambukizo, na takriban mmoja katika kila kumi alikuwa akitoa vijidudu katika maziwa yake. Kikulacho ki nguoni mwako: watu walikuwa wakitafuta ugonjwa hewani na mitaroni, nao ulikuwa ukiletwa mlangoni ndani ya maziwa.

Mwaka huo huo meli iitwayo Joshua Nicholson ilipakia Malta mbuzi zaidi ya 60 waliokuwa wakipelekwa Marekani. Mabaharia walifurahia kupata maziwa mabichi safarini, na baadaye wengi wa waliokunywa wakashikwa na homa ile ile. Mwaka 1906 jeshi likakataza maziwa ya mbuzi. Mwaka 1905 askari waliougua walikuwa zaidi ya 600. Mwaka 1907 hawakufika 20.

Mtu angedhani kwamba hadithi inakwisha hapo. Walakini raia wa Malta waliendelea kuugua. Askari walipewa chakula na serikali, basi wangeweza kunyimwa maziwa haya na kupewa mengine. Raia maskini hakuwa na maziwa mengine ya kumpa mtoto wake, wala mchungaji hakuwa na mali nyingine ila mbuzi wake. Kumwambia mchungaji kwamba mnyama aonekanaye mzima ni mgonjwa, kisha usimpe njia nyingine ya kupata riziki, ni kumpa neno asiloweza kulifuata. Hata mwaka 1938 ndipo Malta ilipopata kiwanda cha kupasha maziwa moto kwa kipimo cha kuua vijidudu, na baada yake ugonjwa ukapungua pole pole. Mwaka 1995 ulizuka tena, kwa sababu ya jibini iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi.

Wakati huo, waganga wa mifugo katika nchi nyingine walikuwa na tatizo lao. Ng'ombe walikuwa wakitupa mimba, na mwaka 1897 Bernhard Bang wa Denmark aligundua bakteria waliosababisha jambo hilo. Hakuna aliyefikiri kwamba ugonjwa wa ng'ombe wa Denmark una udugu na homa ya askari wa Malta. Mwaka 1918 mwanamke wa Marekani, Alice Evans, alieleza kwamba vijidudu hivi viwili vinafanana sana, na kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe yaweza kuwa na hatari kwa watu. Wataalamu wengi walimpinga. Mwaka 1922 yeye mwenyewe aliambukizwa katika kazi yake, akaugua kwa miaka mingi. Miaka iliyofuata ilithibitisha kwamba alisema kweli, na leo jamii ya vijidudu hivyo yaitwa Brusela, kwa jina la Bruce.

Tazama basi jinsi maarifa yalivyochelewa. Daktari wa watu alimtazama mgonjwa, na daktari wa mifugo alimtazama ng'ombe, na kila mmoja aliandika katika daftari lake. Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini daftari zilikuwa mbili.

Ugonjwa huu ungalipo Kenya, hasa katika sehemu za wafugaji, ambako watu wengi hunywa maziwa mabichi, na ambako mfugaji humsaidia mnyama kuzaa kwa mikono mitupu. Dalili zake hufanana na za malaria, basi mgonjwa aweza kutibiwa mara nyingi asipone. Katika miaka ya 2010 serikali iliunda kitengo kimoja ambamo wataalamu wa afya na wa mifugo hufanya kazi pamoja, ili daftari zile mbili zisomwe mahali pamoja.

Maziwa yakichemshwa, vijidudu hufa. Lakini kuchemsha kunahitaji kuni, na mfugaji ambaye nusu ya kundi lake imeonekana na ugonjwa hawezi kuwachinja wote akabaki hana kitu. Mbuzi wa Malta walijulikana mwaka 1905, na kiwanda kikajengwa mwaka 1938. Katika miaka hiyo 33 wataalamu walikwisha kujua lililowaua watu, na watu waliendelea kuugua.