Intaviu ya Video: Usaili au Mahojiano?

Kisauni na Likoni, Mombasa, ni nadra kumsikia mtu akisema anakwenda kwenye usaili. Vijana wana intaviu, basi. Redio na magazeti ya Kenya hupenda mahojiano, na mteule wa serikali akifika mbele ya wabunge hupigwa msasa. Ukivuka mpaka wa Lunga Lunga, lugha inabadilika: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ya Tanzania hutoa matangazo ya "kuitwa kwenye usaili", na aliyeitwa ni msailiwa.

Usaili unatokana na kitenzi saili, chenye asili ya Kiarabu na undugu na swali. Mwendo wake ni wa upande mmoja: msaili anauliza, msailiwa anajibu. Mahojiano yamebeba -ana, kiambishi kile kile cha kupigana na kupendana. Mtu hawezi kuhojiana peke yake.

Tofauti hiyo ingebaki darasani kama si kamera. Kuanzia tarehe 8 Aprili 2020 hadi Julai, Mombasa ilikuwa hakuna kuingia wala kutoka kwa sababu ya korona, na watu wakazoea kukutana kwa Zoom. Tangu hapo "intaviu ya video" ni jina moja la vitu viwili. Kuna ile ya moja kwa moja, mwajiri yuko Nairobi au Doha na mnaonana. Kuna na ile ya kurekodi: swali linatokea kwenye skrini, saa inaanza kuhesabu, nawe unajibu bila mtu upande wa pili. Kampuni ya Marekani ya HireVue, iliyoanzishwa 2004, ndiyo iliyovuma kwa mtindo huu wa pili. Programu yake iliwahi hata kuchambua nyuso za waombaji, mpaka lawama zilipozidi, na Januari 2021 ikatangaza kuwa imeacha.

Basi ya kwanza na iitwe mahojiano ya video, ya pili usaili wa video. Watanzania watapinga, maana kwao usaili ni yote mawili, lakini mgawanyo huu unamwambia mwombaji ajiandae vipi.

Kwenye mahojiano kuna mwenzako, na mwenzako huelewa. Mkaazi wa Mtongwe aliyeepushiwa foleni ya feri bado ana mtandao wa kumtia wasiwasi. Mombasa ndiko nyaya za intaneti za baharini zinakotua, waya wa TEAMS ukitokea Fujairah tangu 2009, na Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya huo karibu na bandari. Lakini mara nyingi kinachomwangusha mtu ni kidogo kuliko nanga: bando linalokwisha katikati ya sentensi (saa moja ya video hula nusu GB au zaidi), mvua juu ya mabati, ndege inayoshuka uwanja wa Moi wakati mtu wa Changamwe anaeleza tajiriba yake. Dawa ni kusema mapema, mara tu baada ya salamu: "Nikikatika, nitawapigia kwa nambari hii." Anayehoji ataiandika, na kukatika hakutakuwa tena kosa la mtu.

Usaili hauna hisani hiyo. Hakuna wa kuamkia wala wa kutikisa kichwa, na kwa mtu wa Pwani, aliyezoea kupasha moto mazungumzo kwa habari za nyumbani, huo ni ukavu wa kweli. Afadhali ajirekodi kwa simu siku moja kabla, uso ukielekea dirishani, simu ikiegemezwa mahali imara, kisha ajitazame. Mara nyingi ataona ameangalia chini. Mbele ya mkubwa hiyo ni adabu, lakini kamera haijui adabu. Jicho liende kwenye tundu la lenzi.

Kisha, kwa mahojiano ya moja kwa moja, kuna suala la saa. Doha na Riyadh zinalingana na Mombasa, ila Dubai imetangulia kwa saa moja. Mwaliko wa Dubai unaosema 9:00 asubuhi unamkuta mtu wa Kisauni saa mbili, na tarakimu ile tisa imeshawapotosha wengi wanaosoma saa kwa Kiswahili. Auandike upya mwaliko kwa maneno, "saa mbili asubuhi, saa za Mombasa", aurudishe kwa mwajiri kwa saa za Dubai, na asubiri athibitishiwe kabla ya kununua bando.